Mjumbe Mpya Aanzie Stoo

Kikao cha kwanza cha mjumbe mpya wa bodi ya makumbusho hufanana kila mahali. Mwenyekiti anamwomba asimame ajitambulishe, wenzake wanampigia makofi, anapewa jalada zito na chupa ya maji, kisha ajenda zinaendelea: akidi imetimia, muhtasari wa kikao kilichopita umethibitishwa, sasa yatokanayo. Yatokanayo na nini? Mgeni hajui. Anasikia habari za paa la nyuma, anasikia "lile suala la familia ya marehemu", anasikia "zile ngoma tatu", na kila aliyepo mezani anaitikia kwa kichwa kana kwamba mambo hayo yalijulikana tangu enzi na enzi. Naye anaitikia. Saa mbili baadaye anasaini karatasi ya mahudhurio, anachukua nauli yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani hawezi kutaja hata kitu kimoja kati ya vile alivyokabidhiwa avitunze.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika bodi za makumbusho madogo mgeni anaweza kubaki mgeni mwaka mzima, na wapo wanaomaliza muhula wa miaka mitatu bila kulishika jembe. Si uvivu. Hakuna aliyewaonyesha shamba lilipo.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti, katibu au mhifadhi wa makumbusho ya historia ya mji, ya wilaya au ya jamii moja. Yale yenye vyumba vitatu vya maonyesho, watumishi wanne na mlinzi mmoja. Shauri lake kubwa ni moja: mjumbe mpya asianzie ukumbi wa mikutano. Aanzie stoo, mbele ya kitu kimoja, na asitoke mpaka ajue kitu hicho kilifikaje pale.

Kabla hajaingia

Makaribisho huanza kwa simu, barua hufuata. Mwenyekiti ampigie mteule yeye mwenyewe na kumweleza kwa nini ameombwa. Aliyeombwa kwa sababu ni mhasibu aambiwe hivyo; aliyeombwa kwa sababu babu yake alikuwa mtemi aambiwe hivyo pia, kwani asipoambiwa atakisia, na kukisia huzaa kinyongo. Katika simu hiyo hiyo yatajwe yale ambayo watu huyaonea haya: vikao ni vingapi kwa mwaka, posho ipo au haipo, nauli hurudishwa kwa risiti au vipi, na kama mjumbe hutazamiwa kutoa chake mfukoni siku umeme wa LUKU unapokatika katikati ya mwezi. Haya ya dakika mbili kwenye simu ni nafuu kuliko mjumbe anayefika kikao cha kwanza akitazamia bahasha nene.

Barua ya uteuzi itaje tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Itaje pia, kwa jina lake kamili, chombo anachoingia, kwa sababu hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Nchini Tanzania makumbusho ya jumuiya au ya taasisi ya dini yanaweza kuwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na kamati ya uendeshaji ambayo haikusajiliwa popote. Kiwanja na jengo husimama kwa jina la wadhamini. Mdhamini mpya ambaye jina lake halijapelekwa RITA ni mdhamini wa mdomo tu. Siku bodi itakapokwenda benki kubadilisha watia saini, karatasi itaulizwa. Kenya nako mjumbe aelezwe mapema anasimama upande gani wa serikali. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliyaweka makumbusho katika kazi za kaunti, huku maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali kuu, ambako Makumbusho ya Taifa ya Kenya hufanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2006. Asiyeujua mpaka huo anaweza kupoteza mwaka akiandika barua kwa ofisi isiyo yake.

Jalada? Lipunguzwe. Katiba ya taasisi, muhtasari wa vikao vitatu vya mwisho, hesabu zilizokaguliwa, bajeti ya mwaka, sera ya kupokea na kutoa vitu, na orodha ya majina ya wajumbe na watumishi yenye namba za simu. Mengine yakae kabatini, atayaomba akiyahitaji.

Mlango mmoja, saa moja

Tuseme makumbusho yapo katika mji wa pwani, na kitu kilichochaguliwa ni mlango wa kuchongwa. Umeegemezwa ukutani mwa stoo. Mwimo wa kushoto haupo, mfaa bado una nakshi zake, na chini umeanza kuliwa. Kwingine kitu hicho kinaweza kuwa kigoda, jembe la kufuliwa na wahunzi, au cherehani ya Singer iliyoshona kanga za wanawake wa mtaa mzima waliopita kwa fundi. Kisiwe kile kinachopendwa na wapiga picha, na kiwe na utata kidogo.

Anayemtembeza mgeni hapa awe mhifadhi, mwenyekiti akae pembeni. Hii ndiyo nafasi ya pekee ambapo mtumishi anamfundisha bosi wake bila mtu kuona vibaya, na mjumbe aliyekwisha kumsikiliza mhifadhi stoo humsikiliza tofauti kikaoni.

Kwanza itafutwe namba. Makumbusho mengi hutumia mtindo wa sehemu tatu: 1987.6.2 maana yake kitu kilipokelewa mwaka 1987, katika mzigo wa sita wa mwaka ule, nacho ni cha pili katika mzigo huo. Namba ikishapatikana nyuma ya mlango, mjumbe apewe daftari la mapokezi aitafute yeye mwenyewe. Asisaidiwe. Akifika kwenye mstari wake, huenda akakuta maneno mawili tu: "Mlango. Zawadi." Zawadi ya nani? Aliyetoa alikuwa mwenye nyumba, mpangaji, au mjomba aliyeona nyumba inabomolewa akaokoa alichoweza? Fomu ya makabidhiano iko wapi, na nani alisaini? Dakika kumi hazijapita, naye ameshaliona tatizo kubwa la makumbusho yake kwa macho yake, jambo ambalo ripoti ya kurasa 40 isingemwonyesha.

Wapo watakaosema hizo ni kazi za karani. Wakumbushwe fuvu la Mkwawa. Mtwa huyo, yaani mtawala, wa Wahehe alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, na bado ikachukua miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipofika kwenye makumbusho ya Bremen, alikuta mafuvu mengi kutoka Afrika ya Mashariki na hakuna karatasi iliyosema lipi ni la nani. Likachaguliwa kwa vipimo, upana kwa urefu, vikilinganishwa na vichwa vya jamaa zake walio hai. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Leo liko katika makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, na wanahistoria bado wanabishana kama ndilo lenyewe. Kadi moja yenye jina, iliyofungwa kwa uzi, ingeumaliza ubishi huo kabla haujazaliwa.

Na kinyume chake kipo. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili, zile nguzo za kuchongwa ambazo Wamijikenda huzisimika kuwakumbuka wazee wa chama cha gohu. Haukupita muda mrefu, vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja katika mkusanyo wa makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani. Cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi, na kufikia mwaka 2007 vigango vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Mwaka 2019 vikafuata vingine 30 kutoka makumbusho ya Denver, ambayo yalikuwa yametangaza kuvirudisha tangu 2014. Mjumbe mpya akisimuliwa hadithi hizi mbili akiwa amesimama mbele ya mlango usio na karatasi, hahitaji semina ya utunzaji wa kumbukumbu.

Mlango huo huo unafundisha sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, lakini imeiwekea milango ya kuchongwa na miimo yake mwaka wake peke yake: 1940. Kenya, sheria ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya 1895. Miaka hii mitatu mjumbe aikariri kama namba yake ya simu. Haitapita miezi mingi kabla rafiki mwenye hoteli hajamuuliza kwenye harusi kama ule mlango "unaokaa bure pale stoo" hauwezi kupatikana, ama mgeni wa nje hajataka kujua kontena hufungwaje. Jibu analo: mlango wa kuchongwa wa kabla ya 1940 hautoki nchini bila kibali.

Hapo hapo litajwe suala la wajumbe wanaokusanya. Bodi za makumbusho huwavuta watu wapendao vitu vya kale. Ni jambo jema, na ndani yake mna mtego. Mwenye duka la sarafu za Kijerumani, mwenye ukuta uliojaa picha za Zanzibar ya zamani, mwenye shoka la babu analodhani ni la karne ya 18, hawa wote wanafaa bodini mradi wametangaza walicho nacho. Kanuni za Maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, zilizofanyiwa marekebisho Seoul mwaka 2004, ziko wazi: mjumbe asishindane na makumbusho yake katika kutafuta vitu. Kitu kikiondolewa katika mkusanyo, si mjumbe, si ndugu yake, si rafiki yake wa karibu anayeruhusiwa kukinunua. Fedha itakayopatikana irudi kwenye mkusanyo. Isilipe mishahara wala chai. Fomu ya kutangaza maslahi ijazwe siku hii, stoo, vumbi likiwa bado mikononi. Kikaoni watu huijaza haraka haraka, kila kisanduku "hakuna".

Mikono yenyewe inastahili sentensi zake. Ngozi, manyoya na ndege waliokaushwa zamani vilihifadhiwa kwa aseniki, na baadaye kwa DDT, na sumu hizo hazikuondoka. Mgeni avae glavu, asivigus­e hovyo, na anawe kabla ya mandazi.

Wenye vitu

Mlango una wenyewe, hata kama karatasi haiwataji. Hili ndilo eneo ambalo mjumbe aliyesoma sana, mwenye shahada ya uongozi na kompyuta mpya, anaweza kuvunja kwa neno moja kile kilichojengwa kwa miaka 20.

Makumbusho ya Majimaji, Songea, ni mfano usiohitaji maelezo mengi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Kingoni, na kaburi lao la pamoja liko pale pale. Kila Februari watu hukusanyika. Songea Mbano, nduna ambaye mji unaitwa kwa jina lake, aliuawa baadaye kidogo, na ukoo wake unaendelea kukitafuta kichwa chake, ambacho unaamini kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na ukoo huo na kuomba radhi. Katika mahali kama hapo, mjumbe anayezungumza juu ya "kuboresha vivutio" bila kujua mjukuu wa nani amekaa safu ya pili hana madhara madogo.

Bujora nako kuna somo. Makumbusho ya Wasukuma yako hapo Bujora, Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika Bujora katika miaka ya 1950 na kufanya kazi bega kwa bega na Wasukuma wenyewe. Banda moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Jingine lina ngoma za kitemi kutoka sehemu mbalimbali za Usukumani. Utawala wa kitemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Koo hazikufutwa. Ngoma ya utemi inapokaa bandani haigeuki fanicha, na mjumbe akipendekeza ihamishwe ili papatikane nafasi ya duka la soda, aelewe anagusa kiti cha ukoo wa mtu. Isitoshe, kila Juni panapofanyika sherehe ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza na uwanja hufurika. Mwenye kupanga kikao cha bodi siku hiyo atajadili peke yake. Kalenda ya jamii, yaani sherehe, matanga ya kila mwaka, Maulidi, misimu ya kulima na ya samaki, iingie katika jalada la mjumbe kabla ya kalenda ya fedha.

Kwa hiyo wiki ya pili apelekwe kwa watu. Nyumba mbili au tatu za waliotoa vitu zinatosha. Mhifadhi au mjumbe mkongwe ampeleke, na mkono usiwe mtupu: kilo ya sukari, majani ya chai. Wapige hodi, watoe shikamoo, wakae. Habari za makumbusho zisiwe neno la kwanza, wala la pili. Mzee akishauliza afya za watoto na mvua zilivyonyesha huko walikotoka, hapo mjumbe mpya atambulishwe kwa jina la ukoo wake, si kwa cheo: "Huyu ni mtoto wa fulani wa mtaa wa fulani, sasa ni mwenzetu katika kuvitunza vile vitu vyenu." Neno "vyenu" lisisahauliwe. Kisha aulize swali moja, linalojibika bila ugomvi: kile chombo mlichotupa, hapa nyumbani mlikuwa mkikiitaje? Jibu litakuwa neno ambalo halimo katika daftari, na safari italipa gharama yake.

Lipo pia onyo dogo la msibani. Siku moja, matanga yakianuliwa, ndugu wa marehemu watamwambia mjumbe, "Chukueni sanduku la mzee, lina picha na barua za zamani." Asilibebe. Ashukuru, aseme mhifadhi atakuja na fomu, na atake kujua warithi wote ni akina nani. Sanduku lililopokelewa kwa machozi bila saini hurudi baada ya miaka mitano likiwa kesi.

Paa na pesa

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 kwenye ufukwe wa Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka wakati likikarabatiwa. Watu wawili walikufa. Jumba hilo lilikuwa makumbusho, lipo katika eneo la Urithi wa Dunia, na ndilo lililokuwa jengo maarufu kuliko yote katika picha za kisiwa. Umaarufu haukulishikilia paa.

Mjumbe mpya alizunguke jengo kwa miguu, nje na ndani, ikiwezekana siku ya mvua ya masika. Aone maji yanakopita. Aone njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani, mavi ya popo darini, waya wa umeme uliounganishwa kwa plasta. Asome kikaratasi kwenye mtungi wa kuzimia moto kujua ulikaguliwa lini mara ya mwisho. Kisha aulize swali ambalo hujibiwa kwa kigugumizi: funguo za stoo ziko kwa nani, zipo seti ngapi, na yule mhifadhi aliyestaafu alirudisha zake?

Pesa zielezwe na mhasibu kwa ukurasa mmoja. Kiingilio kinaleta kiasi gani, shule zinalipa au zinaingia bure, mfadhili yupo au ameondoka, na leo hii benki kuna shilingi ngapi. Jambo moja lirudiwe mara mbili: fedha ya mfadhili iliyotolewa kwa ajili ya onyesho haiwezi kumlipa mlinzi, hata mlinzi akiwa anadai miezi miwili. Wajumbe wapya wenye huruma hupendekeza hivyo. Huruma yao ielekezwe kwenye bajeti ya mwaka unaofuata.

Sasa kikao

Baada ya stoo, nyumba mbili na mzunguko wa jengo, ukumbi wa mikutano unakuwa rahisi. Jioni ya kuamkia kikao katibu ampigie mjumbe mpya, wapitie muhtasari uliopita mstari kwa mstari kwa nusu saa, hasa yatokanayo. "Paa la nyuma" lina historia; "familia ya marehemu" ina jina; "ngoma tatu" ziliazimwa na shule mwaka fulani na hazijarudi. Nusu saa hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kusema kitu chenye maana katika kikao chake cha kwanza.

Heshima ya umri ina nafasi yake, na ina hila yake. Mjumbe wa miaka 27 anayeingia bodi ya wazee atatoa shikamoo kuzunguka meza yote, na ndivyo inavyopasa. Ila akishaketi, asigeuzwe mtoto wa nyumbani: asipewe kazi ya kuandika muhtasari kwa sababu tu anaandika haraka, wala kumimina chai kwa sababu ni mwanamke. Mwenyekiti mwenye busara humwita jina kabla wazee hawajaamua: "Bi Rehema, kabla hatujafunga ajenda hii, wewe uliyeliona lile daftari juzi, unasemaje?" Aliyeitwa hivyo mara moja hatasubiri kuitwa mara ya pili. Kwa upande mwingine, askofu, diwani au mstaafu mkubwa anayeona stoo si hadhi yake apelekwe stoo vile vile, tena yeye kwanza. Sahihi yake ndiyo inayotafutwa paa linapovuja.

Mipaka isemwe waziwazi siku hiyo. Bodi huweka sera, huidhinisha bajeti, humwajiri mhifadhi na kumpima. Bodi haimpigii simu mwongoza wageni saa nne usiku kumwagiza awafungulie bure wageni wa shemeji. Mjumbe akiwa na agizo, lipitie kwa mwenyekiti, naye azungumze na mhifadhi. Kundi la WhatsApp la bodi lina adabu yake pia: maamuzi hayafanyiki humo, salamu za asubuhi zina kipimo, na picha za stoo, makufuli na vitu vya thamani haziwekwi kwenye status ya mtu yeyote.

Katika makumbusho yaliyokusanya masimulizi ya wazee kwa sauti, mjumbe ajue pia kwamba sauti ya mtu na jina lake ni taarifa binafsi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wake ya mwaka 2022, Kenya ya 2019. Kanda ya bibi aliyesimulia mambo ya ndani ya ndoa haipigwi kwenye sherehe ya ufunguzi kwa sababu tu inachekesha.

Kisha jembe. Linatolewa kabla ya kikao cha tatu, na kazi yenyewe ni hii: mjumbe mpya na mtumishi mmoja wachague vitu 30 bila kupanga. Kumi na tano wavitoe daftarini na kwenda kuvitafuta rafuni. Kumi na tano wavitoe rafuni na kuvitafuta daftarini. Waandike vilivyoonekana, visivyoonekana, visivyo na namba, vilivyoliwa na wadudu. Wakaguzi wa hesabu huifanya kazi ya namna hii kila siku. Inachukua asubuhi moja. Ripoti iwe ukurasa mmoja, na aiwasilishe yeye mwenyewe, ikiwa ajenda ya pili, mara baada ya akidi. Wajumbe waliokaa miaka tisa huwa kimya sana wakati huo. Upungufu utakaoonekana usitupiwe mhifadhi. Mara nyingi daftari lilianza kuharibika kabla hajaajiriwa, na bodi iliyokuwapo ilikuwa ikithibitisha muhtasari.

Barua ya kumkaribisha mjumbe ajaye iandikwe wiki hii, na chini ya saini uongezwe mstari mmoja: aje na viatu vya kufunika vidole, maana stoo ina misumari.